Nani Awatumbuize Watoto Maktabani?

Kila mwaka inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, maktaba na shule nyingi nchini huingia katika pilikapilika za kuandaa hadhara za watoto. Ukumbi hufagiliwa, viti hupangwa, na vitabu vya picha hutolewa makabatini na kupanguswa vumbi. Ndipo linapozuka swali la nani aalikwe kuwatumbuiza. Mwalimu mmoja hutaka msanii wa singeli ambaye jina lake linajulikana hata na mtoto wa darasa la kwanza. Mwingine hutaka kikundi cha ngoma. Mzazi huonya kwamba yule mchekeshaji anayetajwa hutukana awapo jukwaani, na afisa aliye mezani hukumbuka barua ya lawama aliyoandikiwa mtangulizi wake. Yasipopatikana maafikiano, njia nyepesi ndiyo hufuatwa: hualikwa mgeni rasmi, husomwa risala, watoto hugawiwa soda na kurudishwa majumbani bila kusimuliwa hata hadithi moja.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Itakumbukwa kwamba huduma ya maktaba ya taifa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Nyumba ile haikujengwa iwe pambo la mji. Ilijengwa ili mtoto wa mpagazi na mtoto wa karani wakae meza moja, wafungue kitabu kimoja, na asiulizwe yeyote baba yake ana kazi gani. Lakini mtoto ambaye nyumbani kwao hamna kitabu hata kimoja haingii maktaba kwa kuvutwa na kitabu. Huvutwa na ngoma aliyoisikia mlangoni, au na habari kwamba leo kuna mtu anayetoa njiwa kofiani. Atakachokikuta siku hiyo ya kwanza kinaweza kuamua kama atarudi.

Wanaobishana juu ya suala hili wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza husema mlango ufungwe kwa kila mtumbuizaji aliyewahi kulaumiwa kwa wimbo, vazi au mwenendo, kwa kuwa maktaba ni mahali pa heshima. Kundi la pili husema aletwe yeyote awezaye kujaza ukumbi, kwa kuwa watoto wakishafika vitabu vitawaona vyenyewe. Ukichunguza utaona kwamba makundi haya yanayopingana yanafanya kosa moja. Yote hutazama jina la mtu, zuri au baya, na wala hayaulizi mtu huyo atafanya nini mbele ya watoto kwa dakika arobaini atakazopewa.

Hofu ya burudani si ngeni katika nchi hii. Katika shule nyingi za misheni, wakati wa ukoloni, ngoma za wenyeji zilikatazwa kwa madai kwamba ni ushenzi. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi wa wakati huo waliweza kucheza rumba na chachacha lakini hawakuijua gombe sugu wala lele mama. Ngoma zikarudi mashuleni. Hata hivyo, Sindimba ya Wamakonde ilipoenea kutoka kusini hadi katika majukwaa ya taifa, walikuwapo walioona kwamba mzunguko wa kiuno chake haufai machoni pa watu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza vita dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, na mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliokatazwa kuucheza ni mababu na mabibi leo, na wamo miongoni mwao waliostaafu ualimu bila doa lolote.

Haya hayasemwi ili kudai kwamba kila katazo ni upuuzi. Yanasemwa kwa sababu historia inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kumpima msanii kwa kelele zinazomzunguka wakati wake. Siti binti Saad alidharauliwa kwa asili yake na kwa kazi yake ya kuimba, naye ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Ni kichekesho kidogo kwamba mwimbaji ambaye pengine angezuiliwa mlangoni mwa maktaba na kamati za leo, amekaa ndani, juu ya rafu, kwa miaka mingi.

Mfano wa Bi Kidude una mafunzo zaidi. Alipofariki dunia mwezi Aprili 2013 alikwisha kuwa fahari ya Zanzibar na ya Tanzania nzima, amezunguka nchi nyingi na kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Bibi huyu alikuwa na kazi mbili. Aliimba taarabu hadharani, na alikuwa somo wa unyago aliyepiga ngoma ya msondo katika kuwafunda wari. Mafundisho ya unyago yana mahali pake, yana wakati wake na yana wenyewe. Kuyaleta mbele ya watoto wa kiume na wa kike wa miaka saba, waliokuja kutafuta kitabu cha sungura na fisi, kungekuwa ni kuwakosea watoto na pia kuukosea unyago wenyewe, ambao haukuwekwa uwe maonyesho. Lakini bibi huyo huyo angeketi mkekani akawasimulia watoto jinsi alivyowafuata wapiga taarabu tangu utotoni, nani angethubutu kumzuia? Mtu ni mmoja. Kinachofaa na kisichofaa ni kile anachokileta.

Remmy Ongala naye, aliyefariki mwezi Desemba 2010, alitunga wimbo wa Mambo kwa Soksi wakati UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu, akahimiza matumizi ya kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wapo wengi leo wanaoona kwamba wimbo ule ulikuwa na manufaa kuliko hotuba nyingi. Pamoja na hayo, si wimbo wa kuimbiwa watoto wa chekechea, ingawa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu mbele ya mwalimu wao ungeweza kufungua mazungumzo ambayo watu wazima huyakwepa. Neno "watoto" hubeba watu wa umri wa miaka minne na wa miaka kumi na saba kwa pamoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka kumi na minane, lakini mkutubi anayepanga hadhara moja kwa wote hao atamchosha mkubwa na kumtisha mdogo.

Yako maoni kwamba serikali iandae orodha ya watumbuizaji wanaofaa na wasiofaa, kama inavyofanyika kwa vitabu. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni kwa kuwa ilionekana havilingani na mila na maadili. Uzuri na ubaya wa hatua ile ni mada nyingine. Kinachohusika hapa ni kwamba kitabu hakibadiliki: sentensi aliyoisoma mkaguzi Dodoma ndiyo atakayoisoma mtoto Songea. Mtumbuizaji hayuko hivyo. Huona ukumbi umepoa akaongeza neno. Humwona mama mnene mstari wa mbele akamtania. Ngoma ikipamba moto husahau aliyoagizwa. Aliye katika orodha ya wema anaweza kuharibu katika dakika moja, na aliyeko katika orodha ya wabaya anaweza kuwatendea watoto mema mchana kutwa. Kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ni cha lazima na kina kazi yake, lakini hakikubuniwa kujibu swali la mtoto wa miaka sita. Wimbo unaoruhusiwa katika ukumbi wa dansi saa nne za usiku haupati kwa ruhusa hiyo sifa ya kuimbwa maktabani saa nne za asubuhi. Vile vile adhabu iliyokwisha haipaswi kumfuata mtu milele. Rayvanny na Diamond Platnumz walisimamishwa kufanya maonyesho mwezi Desemba 2018 kwa ajili ya wimbo wa Mwanza, na mwezi Januari 2019 wakafunguliwa. Anayetaka kuwakatalia leo, au kuwakubali, atafute sababu iliyo mpya kuliko hiyo.

Basi uamuzi hauna budi kufanywa na watu walio karibu, yaani mkutubi wa watoto na walimu wa shule zinazoalikwa, na ufanywe kwa macho na masikio yao. Waende wakamwone mtumbuizaji akifanya kazi. Wamwambie umri wa watoto, wakubaliane naye nyimbo au hadithi zipi, vazi lipi na muda gani, na mkutubi awe karibu vya kutosha kusimamisha onyesho likianza kwenda kombo. Makubaliano yaandikwe katika karatasi moja. Karatasi hiyo itamsaidia hata afisa, kwa maana simu ya lawama ikipigwa kesho yake hatakuwa na haja ya kubabaika. Ataeleza nani aliamua, kwa sababu gani, na watoto walionyeshwa nini. Watumishi wa umma wengi hawakatai wasanii kwa kuwa wanaona ubaya. Wanakataa kwa kuwa hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kutoandaa kitu.

Liko pia sharti moja ambalo maktaba ingeweza kumwekea kila mgeni, awe nyota wa singeli, mcheza sarakasi au mtu wa mazingaombwe: kabla ya kutumbuiza, achukue kitabu rafuni na awasomee watoto kurasa chache kwa sauti. Sharti hili lina manufaa mengi. Msanii ambaye hukimbiza maneno kwa kasi ya singeli, ambayo watoto wameizoea kwenye daladala na harusini hata maktaba ikiikataa, akitulia na kusoma polepole, atawaonyesha watoto jambo ambalo bango la kuhimiza usomaji haliwezi kuwaonyesha. Na akikwama katika neno gumu, akarudia, watoto watakuwa wamemwona mtu wanayemhusudu akifanya kile wanachokionea haya darasani. Asiyekubali kusoma hata ukurasa mmoja atakuwa amejieleza mwenyewe, na kamati itapunguziwa ubishi.

Wakati wa kubishana juu ya wenye majina makubwa, wako wanaosahauliwa kabisa. Kwa miaka mingi watoto wa nchi hii walikaa kimya mbele ya redio kusikiliza Mama na Mwana, kipindi kilichomfanya Deborah Mwenda ajulikane nyumba kwa nyumba bila ya kuonekana sura. Marehemu mzee Morris Nyunyusa, asiyeona, aliyezipiga ngoma nyingi peke yake, ndiye ambaye mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Katika kila wilaya wamo wazee wanaozijua ngano, vitendawili na michezo ya mbaraka wa mwezi, na wanaoweza kuitikiwa na watoto mia moja kwa neno moja tu la "paukwa". Mara nyingi wazee hao, wakiitwa, huitwa kwa kujitolea, wakashukuriwa kwa makofi na kuachwa watafute nauli ya kurudia, ilhali mwenye jina hulipwa kabla hajashuka garini. Halmashauri inayopanga bajeti ya Juni 16 iweke kifungu cha posho na nauli ya msimulizi kama inavyoweka cha turubai na cha vipaza sauti.

Bagamoyo ina bahati ambayo haijatumiwa vya kutosha. Katika mji huo mmoja kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na kuna chuo kinachofundisha ukutubi. Wanafunzi wa huku hujifunza kuchezesha mwili na sauti, wa kule hujifunza kupanga na kutunza vitabu. Wakuu wa vyuo hivyo wangeweza kuwapa kazi moja ya pamoja: hadhara ya watoto ya Jumamosi asubuhi, inayoandaliwa, inayochezwa na inayokosolewa na wote wawili, ili mkutubi anayepelekwa Kigoma au Lindi awe amekwisha kumwona mtumbuizaji akifaulu na akiharibu.

Watoto nao waulizwe. Sheria ile ya mwaka 2009 inawapa haki ya kutoa maoni, na mtoto wa darasa la nne hujua vyema lini alichekeshwa na lini alifedheheshwa. Tarehe 17 Juni, turubai likishashushwa, mkutubi akae na wachache wao awasikilize, kisha afungue daftari la wanachama wa sehemu ya watoto na kulisoma tena baada ya wiki mbili, aone ni wangapi kati ya waliocheza ngoma siku ile wamerudi kuazima kitabu, na walirudi baada ya kumwona nani.