Afya ya Wanamichezo wa Skuli Isiachiwe Bahati

Hakuna mwananchi wa Visiwa hivi asiyefurahi anapowaona vijana wa skuli zetu za sekondari wakishindana viwanjani. Kuanzia mashindano ya wilaya na mkoa, hadi tamasha la Elimu Bila ya Malipo linalotukumbusha tangazo la Mzee Abeid Amani Karume la tarehe 23 Septemba 1964, vijana hao hubeba jina la skuli zao na heshima ya wazee wao. Michezo ni sehemu ya elimu. Humfundisha kijana nidhamu, ushirikiano na kustahamili. Kwa sababu hiyo hiyo, leo tunataka kulisema hadharani jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likisemwa kwa kunong'ona, nalo ni matunzo ya afya ya vijana hao, na hasa yale yanayowafika wanapoumia.

Si muda mrefu uliopita tulikuwa miongoni mwa watazamaji katika kiwanja kimoja cha shamba, wasichana wa skuli mbili wakicheza mpira wa pete. Mchezaji mmoja aliruka kuudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, akaanguka akipiga ukelele. Mwalimu wake, ambaye hatuna shaka hata kidogo na mapenzi yake kwa wanafunzi, alimmwagia maji, akauvuta mguu kuunyoosha, na mwanafunzi mwenzake akatoa mtandio wa kulifungia goti. Baada ya robo saa msichana yule alirudishwa mchezoni akichechemea, kwa kuwa timu haikuwa na mchezaji wa akiba. Jua lilipokuchwa alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na shangazi yake, mguu ukining'inia. Nyumbani alikandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta kila usiku. Hospitali alifikishwa siku ya tisa, na huko ndiko ilikobainika kuwa kano ya ndani ya goti imekatika.

Hatuitaji skuli hiyo wala kijiji hicho, kwa sababu kisa hiki si chao peke yao. Kila msomaji wetu, awe wa Makunduchi au Micheweni, anaweza kukumbuka kimoja kinachofanana nacho.

Sasa na tulinganishe. Mwezi wa Agosti 2025 uwanja wetu wa Amaan, uliofunguliwa upya Disemba 2023 baada ya matengenezo makubwa, ulipokea mechi za mashindano ya Afrika ya CHAN. Kanuni za mashindano ya namna hiyo haziruhusu mpira kuanza bila ya madaktari, machela na gari ya wagonjwa kuwapo uwanjani. Hakuna aliyeziona kanuni hizo kuwa ni anasa. Sote tulizitii, na tukaona fahari kuzitii. Swali letu ni jepesi: ikiwa mgeni aliyetujia kwa wiki chache anastahili ulinzi huo, mtoto wetu wa kumzaa, anayecheza kwenye kiwanja cha mchanga na mawe nyuma ya skuli yake, anastahili nini? Hatusemi kila kiwanja cha skuli kipewe gari ya wagonjwa. Tunasema hakuna kiwanja cha skuli kinachostahili kuachwa bila ya chochote.

Wapo watakaotujibu kuwa ajali haina kinga. Ni kweli wahenga walisema hivyo, na sisi tulio Waislamu tunaamini kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha kuwa mwili ni amana, na kwamba mtu hufunga mnyama wake kwanza ndipo akategemea. Na kwa upande wa elimu, majeraha mengi ya michezo yana kinga. Utafiti uliofanywa Lagos, Nigeria, na kutangazwa mwaka 2014, ulizifuatilia timu 20 za vijana wa mpira wa miguu. Timu zilizofanya kwa utaratibu mazoezi ya kupasha mwili moto yajulikanayo kama 11+, yanayochukua kiasi cha dakika 20, zilipata majeraha pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko zile zilizoendelea na mazoezi ya kawaida. Mazoezi hayo hayahitaji mashine wala chumba. Ni kukimbia polepole, kujenga nguvu za mapaja na kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, na kujifunza kuruka na kutua huku goti likiwa juu ya kidole cha mguu, lisiingie ndani. Msichana wa kisa chetu hakuwahi kufundishwa namna ya kutua. Na hili ni muhimu zaidi kwa wasichana, kwani kano hiyo ya goti hukatika kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla.

Jambo la pili ni namna tunavyomtendea aliyekwisha kuumia. Tunawaheshimu wazee wetu na ujuzi wao wa kuchua, na hatukusudii kuwadharau. Hata hivyo, kiungo kilichoteguka sasa hivi kinavuja damu ndani kwa ndani, na kukikanda kwa maji ya moto au kukichua siku hiyo na zile mbili zinazofuata ni kuuzidisha uvimbe. Kinachotakiwa ni kuacha kucheza, kukifunga kwa bendeji isiyobana kupita kiasi, kukiinua juu, na kukipoza kwa barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 au 20. Barafu hiyo inauzwa karibu katika kila kiduka chenye friji. Kama mwanafunzi hawezi kuukanyagia mguu, au mfupa umekaa upande, basi usivutwe wala usinyooshwe. Ufungwe kama ulivyo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wazazi na walimu wafahamu pia kuwa mwili wa mtoto wa miaka 14 si mwili mdogo wa mtu mzima. Katika ncha za mifupa yake imo sehemu laini inayourefusha mfupa, ambayo haijakomaa. Pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua kiungo, kwa mtoto huweza kuivunja sehemu hiyo. Asipopigwa picha ya eksirei na kutibiwa mapema, mfupa huweza kukua umepinda au mfupi kuliko mwenzake. Kijana huyo atatembea na kosa letu maisha yake yote.

Zaidi ya viungo, kuna kichwa na moyo. Mwanafunzi aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika, akaona kizunguzungu au kusahau matokeo ya mchezo, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema amepona, na wala asirudi siku nyingine mpaka daktari amruhusu. Jimbo la Washington nchini Marekani liliweka sheria ya namna hiyo kwa wanamichezo wa skuli mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya nchi hiyo yalikuwa na sheria zao. Kwetu sisi, waraka mmoja wa Wizara ungetosha kuanzia.

Ama moyo, wapenzi wa mpira hawajasahau Juni 12, 2021, mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka ghafla uwanjani Copenhagen. Moyo wake ulisimama. Aliokolewa kwa sababu walikuwapo watu waliojua kumbonyeza kifua na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa karibu, na mwaka uliofuata alirudi kucheza. Disemba 2016, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, wakati wa mechi, akafariki dunia. Hatusemi kuwa visa hivi viwili ni vya maradhi mamoja, wala hatumlaumu mtu. Tunasema kuwa kijana huweza kuanguka popote, na moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila ya msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa kiasi cha asilimia 7 hadi 10. Gari inayotoka mjini haiwezi kushindana na dakika hizo. Anayeweza ni mwalimu aliyepo pale pale, ikiwa amefundishwa.

Aidha, tuangalie saa tunazowachezesha watoto wetu. Kupanga mashindano saa saba za mchana, katika jua na unyevunyevu wa pwani yetu, eti ratiba iishe mapema, ni kuwadhulumu. Mchezo uanze baada ya Alasiri, maji ya kunywa yawepo ya kutosha, na mapumziko ya kunywa yaruhusiwe. Wapo miongoni mwa wanafunzi wetu wenye selimundu, pumu, kifafa, na wasichana wenye upungufu wa damu. Wengi wao wanaweza kucheza kwa kiasi na kwa uangalizi, lakini mwalimu atawaangalia vipi ikiwa hajui? Wengine huficha kwa kuogopa kutolewa timuni, na wasichana wengine huficha maumivu kwa sababu anayetoa huduma ni mwanamme. Basi kila timu ya wasichana iwe na mwanamke aliyefundishwa kazi hiyo.

Tunajua kuwa fedha ni chache na mahitaji ni mengi. Lakini kinachokosekana si fedha peke yake. Kinachokosekana zaidi ni utaratibu na mtu wa kuulizwa. Kwa hivyo tunazishauri Wizara ya Elimu, Wizara ya Afya na Wizara inayosimamia michezo zikae pamoja na kuamua mambo matano.

Kwanza, mwanafunzi yeyote asisajiliwe katika mashindano ya wilaya na kuendelea bila ya kupimwa na kuulizwa habari za afya yake katika kituo cha afya kilicho karibu, na chanjo yake ya pepopunda ihakikishwe, maana viwanja vyetu vingi vina mawe na wengi huchezea miguu mitupu.

Pili, kila skuli ya sekondari iwe na walimu wawili, mwanamme na mwanamke, waliofundishwa huduma ya kwanza na kubonyeza kifua. Mafunzo hayo yarudiwe kila mwaka, na wahudumu wa afya wa kujitolea walioko katika shehia washirikishwe.

Tatu, refa asipulize kipenga cha kuanza mpaka aoneshwe kisanduku cha huduma ya kwanza, chenye bendeji, pamba, dawa ya kusafishia vidonda na vibao vya kufungia mfupa, na atajiwe gari itakayombeba majeruhi. Gari hiyo inaweza kuwa ya sheha, ya mzazi au ya kukodi. Muhimu ni kuwa imeshajulikana kabla ya mtu kuumia.

Nne, aliyepewa dhamana ya afya awe na kauli ya mwisho juu ya nani atoke na nani arudi uwanjani, na kauli yake isipinduliwe na kocha, mwalimu mkuu wala kiongozi yeyote aliyeketi jukwaani. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Msichana wa kisa chetu hakurudishwa uwanjani kwa sababu ya umaskini. Alirudishwa kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema basi.

Tano, matibabu ya anayeumia akiiwakilisha skuli yake yasiwe mzigo wa mzazi peke yake. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, na wizara husika waeleze kwa lugha nyepesi mwanafunzi huyo anatibiwa kwa utaratibu gani, na maelezo hayo yabandikwe katika kila skuli.

Wazazi nao wana wajibu wao. Wasimfiche mwalimu maradhi ya mtoto, na wasimkawize hospitali kwa kusubiri dawa za nyumbani. Wanafunzi wafahamu kuwa kusema "nimeumia" si woga. Na viongozi wetu wanaopenda kupiga picha na vikombe vya ushindi, tunawaomba siku moja wakague kisanduku cha huduma ya kwanza kabla ya kukikagua kikombe.

Msichana tuliyemwona yuko kidato cha tatu. Hachezi tena, na kwenda skuli kwa miguu kunamchosha. Hatukuweza kumlinda yeye. Msimu mwingine wa mashindano unakuja, na wenzake wameshaanza kufanya mazoezi katika kiwanja kile kile. Kazi iliyo mbele yetu ni kuhakikisha kuwa siku ya mechi yao ya kwanza pembeni ya kiwanja kimewekwa kisanduku, na aliyeketi nacho ni mtu anayejua kukitumia.