Kobe na Haki Yake ya Jua



Familia moja ya mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, imetuletea suali. Watoto wao walimwokota kobe porini, wakampenda na kuja naye nyumbani. Wakamweka ndani ya karai katika stoo yenye sakafu ya saruji, ili jua kali la huko lisimuunguze. Sukuma wiki na maji hayakumpungukia. Baada ya wiki kadhaa kobe amedhoofu, macho ameyafumba, na puani anatokwa na kamasi. Wazazi wanauliza: je, kuna dhambi, ilhali watoto walikusudia wema?

Nia njema ya watoto tunamwomba Mola aipokee. Lakini wema usio na elimu huweza kudhuru, na hapa umedhuru.

Binadamu, mbuzi na paka hutengeneza joto la miili yao wenyewe kutokana na chakula wanachokula. Kobe, mjusi, kenge na nyoka hawakuumbwa hivyo. Wao joto hulipata nje: katika jua, jiwe lililopata moto au mchanga. Ndiyo maana kobe hutoka asubuhi akaota jua, na jua likiwa kali akatafuta kivuli. Mwili wake ukipoa kupita kiasi, si miguu tu inayozubaa. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, nazo hulegea. Kingamwili hutengenezwa polepole, na vijidudu vikapata nafasi. Ugonjwa wa mapafu wenye kamasi puani ni maarufu kwa kobe wanaofugwa mahali penye baridi na unyevu.

Ajabu zaidi ni namna wanyama hawa wanavyopata homa. Katika miaka ya 1970, mtaalamu Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwachunguza mijusi wa jangwani. Mijusi waliotiwa bakteria wa maradhi, walipoachiwa wachague pa kukaa, walikwenda penye joto zaidi kuliko desturi yao, hata miili yao ikapanda kwa takriban nyuzi 2. Mwaka 1975 wakatangaza jambo la pili. Mijusi wagonjwa walikuwa wamewekwa katika viwango mbalimbali vya joto, kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Waliokaa kwenye nyuzi 40 na 42 walinusurika wengi zaidi kuliko waliokaa kwenye nyuzi 34. Basi mjusi mgonjwa huiendea homa yake kwa miguu yake, na homa hiyo ni sehemu ya tiba yake.

Wala isidhaniwe kwamba dawa ni kumwanika kobe juani kutwa. Joto likipita kiasi humuua, na kila aina ina kipimo chake. Anachohitaji ni jua na kivuli pamoja, na nafasi ya kuhama kutoka hapa kwenda pale. Vilevile, haya ni ya watambaao. Mtoto mwenye homa apelekwe kwa daktari.

Tunaijua habari aliyotusimulia Mtume (s.a.w.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie riziki yake ardhini. Tuzingatie kwamba makosa yaliyotajwa ni zaidi ya njaa: kulikuwa pia na kumzuilia kiumbe kujitafutia. Kobe wa Kiwanjani alilishwa, lakini alizuiliwa jua lake, na jua kwake ni jambo la uhai kama chakula. Watoto hawakujua, nao asiyejua hufundishwa. Ama sisi wazazi, tukishajua, hatuna udhuru.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Leo hii kobe atolewe karaini, awekwe uani penye jua na kivuli, juu ya udongo mkavu. Kisha wazazi waiarifu KWS, kwani Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Wasimrudishe porini wenyewe angali mgonjwa, asije akawaambukiza wenzake. Watoto wasikaripiwe, waelezwe, na wakiweza wafuatane na baba yao kwenda kumkabidhi.

Suratul An'am, katika aya ya 38, inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Kila umma una desturi zake za kuishi, na anayetaka kuuhurumia sharti kwanza ajifunze desturi hizo.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma yenye elimu, na elimu yenye huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.