Sura ya Yesu katika Filamu, na Sura Zetu



Kila Kwaresima inapokaribia, vigangoni mwetu Mbeya na Iringa husikika ombi lile lile: tuoneshwe filamu ya Yesu. Wengi humaanisha ile ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutiwa sauti za Kiswahili, ikaoneshwa vijijini kwa jenereta na kitambaa cheupe. Iliwafikia watu wasiowahi kuingia katika jumba la sinema, nasi hatuidharau. Hata hivyo yapo ya kutafakari. Waigizaji wake wengi walikuwa Waisraeli, lakini aliyepewa nafasi ya Yesu, Brian Deacon, ni Mwingereza. Basi katika umati ule wa Galilaya, asiyefanana na ndugu zake ni Mwana wa Daudi mwenyewe!

Na mtu mweusi hupewa nafasi ya nani? Mara nyingi ya Simoni wa Kirene. Mwaka 1965 alikuwa Sidney Poitier. Mwaka 2004, katika filamu ya Mel Gibson juu ya Mateso ya Bwana, alikuwa Jarreth Merz. Kumsaidia Bwana kuubeba msalaba ni heshima kubwa. Lakini mtoto amwonaye mtu wa rangi yake akitokea penye mzigo tu, kisha akatoweka, atajifunza nini juu ya nafasi yake katika familia ya Mungu? Mafundisho hayo ya kimya huingia hata katika maigizo yetu, ambamo msichana mweupe kuliko wenzake ndiye huteuliwa mara nyingi kuwa Bikira Maria, wala hakuna aliyeamuru hivyo.

Wapo wasemao: basi Yesu awe Mwafrika. Msanii anaweza kumchora hivyo kwa haki, kama Mtanzania Elimo Njau alivyofanya katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya. Lakini tusisahau kwamba Bwana alizaliwa Myahudi, na kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Nostra Aetate ya mwaka 1965, ulikataa Wayahudi wote wabebeshwe lawama ya kifo chake. Vijana wanaoigiza Njia ya Msalaba walikumbuke hilo.

Iliyotugusa zaidi ni filamu ya Cheick Oumar Sissoko wa Mali, ya mwaka 1999, iitwayo La Genèse, yaani Mwanzo. Waigizaji ni Waafrika, lugha ni Kibambara. Esau ni mwanamuziki Salif Keita, mtu mwenye ualbino; katika nchi yetu, ambako ndugu zetu wa namna hiyo wamewindwa na kuuawa, kumwona akiwa mwana wa Isaka si jambo dogo. Humo Yakobo na wanawe ni wafugaji, watu wa Hamori ni wakulima, na kisasi cha sura ya 34 chamwagika kati yao.

Nani Mbarali ataitazama asiikumbuke Usangu? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa bondeni humo pamoja na mifugo yao, kwa kuwa Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kila kiangazi kabla ya kufika Mtera. Maji yale yale yanazihusu Mbeya na Iringa, na maneno makali kati ya jembe na fimbo hayajaisha. Filamu yenye sura za mbali hutuacha tukiwalilia watu wa kale; hii yatuuliza habari za jirani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vijana, pamoja na Njia ya Msalaba, waandae igizo la Dina, Shekemu na wana wa Yakobo. Tungependa kijana wa Kisukuma awe Hamori mkulima, na kijana wa Kisangu ashike fimbo ya mwana wa Yakobo.