Karatasi Yangu, Tangazo Lako

Kuna mshikaji mmoja, naye mwandishi kama sisi, alinibana kijiweni juzi. Amesikia kwamba Marekani wana sheria inayokataza kumtumia mtu tangazo la biashara kwa faksi bila yeye kuliomba. Basi akawaka: “Mnaona? Hao hao wanaojidai baba wa uhuru wa maneno wanampiga mtu pingu kwa ajili ya karatasi moja! Leo tangazo, kesho shairi.” Wengine wakapiga makofi. Mimi nikakosa la kusema, maana sisi vijana tunaoandika tukisikia neno “marufuku” tu, damu inachemka. Sasa najibu, na najibu kwa maandishi ili asinikatize.

Kwanza tuelewane faksi ni nini, kwa kuwa wengine wenu mmeikuta tayari imefunikwa vumbi. Wataalamu wa istilahi waliiita nukushi, na ukitazama barua za zamani za maofisi utaikuta pale juu, chini ya namba ya simu. Mitaani ilibaki faksi. Ni mashine iliyounganishwa na waya wa simu: mwenzako anaingiza karatasi huko aliko, kwako inatoka nakala.

Sasa sikiliza vizuri. Mashine hii haikuulizi. Redio ikikuudhi unaizima. Barua ya tangazo ikija kwa posta, aliyeituma amelipia stempu, wewe kazi yako ni kuitupa. Lakini faksi inapokea yenyewe. Inavuta karatasi uliyoinunua wewe, inachapa kwa wino ulioununua wewe, na muda wote huo laini imeshikwa, mwenye shida na wewe hakupati. Mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilikula karatasi maalumu ya joto, ile ya kuviringishwa, ambayo haikuwa ya bei ya kutupa.

Wajanja wa huko wakauona mwanya. Kompyuta inapewa orodha ya namba, inapiga usiku kucha wenyewe wamelala. Asubuhi mwenye ofisi anakuta sakafuni safari za bei poa, mikopo ya haraka, na (hili linanichekesha mpaka leo) matangazo ya wino wa mashine. Yaani jamaa anakumalizia wino, halafu papo hapo anakuuzia mwingine! Na oda ya mteja uliyekuwa unamngojea? Haikuingia. Karatasi ilikwisha saa tisa usiku.

Ndipo Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1991, Rais George H. W. Bush akaitia saini Desemba ya mwaka huo. Sheria hiyo haikumgusa mshairi. Haikumgusa mwanasiasa wala mhubiri. Inasema tangazo la biashara, kwa mtu ambaye hakuliomba, kwa mashine ya faksi. Tangazo lile lile liweke gazetini, litume kwa posta, sheria hii haina habari na wewe. Kwa hiyo, mshikaji wangu, hilo shairi lako limeingilia wapi?

Pingu nazo hakuna. Ni kesi ya madai, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Hawakumwambia mwananchi akae kusubiri serikali imwonee huruma. Walimwambia aende mwenyewe mahakamani na karatasi yake mkononi, adai dola 500 kwa kila faksi. Hakimu akiona mtumaji alifanya kwa kujua, anaweza kuzidisha mpaka mara tatu, yaani dola 1,500. Mwaka 2001 mahakama ya Augusta, jimbo la Georgia, iliuamuru mkahawa mmoja ulipe karibu dola milioni 12. Hesabu yake ni rahisi: watu 1,321, faksi sita kila mmoja, dola 1,500 kwa faksi.

Watangazaji walikaa kimya? Thubutu! Walikimbilia katiba. Eti tunanyimwa uhuru wa kusema. Mwaka 1995 mahakama ya rufani ya kule magharibi iliwakatalia: Bunge lina haki ya kuzuia gharama za tangazo zisihamishiwe kwa anayelipokea. Hawakukoma. Mwaka 2002 wakampata jaji mmoja Missouri aliyewakubalia, wakashangilia, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaufuta ushindi wao. Katikati ya kesi hiyo ilikuwemo kampuni ya Fax.com, ambayo mwaka huo huo wa 2002 tume ya mawasiliano ya Marekani ilitangaza kusudio la kuitoza faini ya dola 5,379,000. Hao ndio waliokuwa wanalia kuhusu uhuru wa maneno. Wewe ukawapigia makofi.

Nakubali, woga wa mshikaji haukutoka hewani. Sheria nyingi za kubana kalamu huanza kwa kisingizio kidogo kinachopendeza. Lakini dawa yake ni kuisoma sheria inakataza nini. Hii inakataza mkono mfukoni mwa mwenzio.

Kama kuna la kuwalaumu, ni kulegea. Mwaka 2005 waliifanyia marekebisho: kama mliwahi kufanya biashara, jamaa anaruhusiwa kukutumia, mradi aandike kwenye karatasi namna ya kumkataa. Maana yake ulinunua kiti kimoja, sasa ni juu yako kufukuza matangazo ya viti. Mzigo umerudi kule kule kwa mwenye karatasi. Na msidhani ni mambo ya makumbusho. Zahanati na maduka ya dawa ya huko bado wanatumia faksi, na mwaka 2025 kesi ya zahanati moja ya kunyoosha migongo iliyotumiwa matangazo ya faksi ilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Mabishano yao? Je, faksi inayoingia kwenye kompyuta badala ya mashine nayo imo katika sheria?

Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunajua karatasi ni nini. Tunalipa kuchapiwa mswada ukurasa kwa ukurasa, tunalipa nakala, tunapeleka wenyewe kwa mchapishaji, na akikataa kusoma hatumshitaki kwamba ametunyima uhuru. Msomaji anatuchagua au anatupita. Wenye matangazo walitaka kuliruka lango hilo, halafu wakaazima jina letu ili waonekane wahanga.

Kijiweni tutakutana Jumamosi. Mshikaji aje na lile daftari lake jipya la riwaya, nami nitakuja na kalamu. Shangazi yangu amefungua genge la nyanya na vitunguu, anahitaji kutangazwa. Nitaandika kurasa kumi humo humo katikati ya sura yake ya tatu, na ninaomba asinizuie.