Jina si Ufunguo

Kijana anayeanza kutunga programu hukimbilia amri za SQL kabla ya kujiuliza kanzidata yake itamtambuaje mtu. Hapo ndipo haki hupotelea. Tuitazame Nakapanya, wilayani Tunduru, ambako korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hukabidhi mzigo leo, hulipwa baada ya mnada. Katika kipindi hicho cha kungoja, amebaki na karatasi mkononi na mstari mmoja katika kumbukumbu za chama chake cha ushirika. Jina likifanywa ufunguo wa jedwali, akina Saidi Rashidi wawili watageuzwa mtu mmoja, na jasho la huyu litalipwa kwa yule.

Edgar Codd, alipoasisi nadharia ya majedwali yenye uhusiano mwaka 1970, alisisitiza ufunguo unaoutofautisha kila mstari na mwingine. Huo si urembo wa kiufundi. Ni swali la uraia: nani anahesabiwa?

Basi wahadhiri tulianze somo hili kwa daftari la ghala. Asiyeweza kuwatenganisha akina Saidi kwa kalamu, hatawatenganisha kwa kompyuta.