Ubingwa Haupotei Aprili

Kila mwaka, Uingereza inapoingia machipuko na huku kwetu masika ikianza kupiga mabati ya vibanda umiza, mashabiki wa soka tunageuka mahakimu. Sasa ndiyo ligi, tunaambiana. Sasa tutajua nani mwanaume. Mechi karibu thelathini zilizokwisha kuchezwa zinawekwa kando, na timu inahukumiwa kwa hizi nane au tisa za lala salama. Anayeshinda ana moyo. Anayetoka sare ana presha, hana uzoefu, hajawahi kuwa timu ya ubingwa.

Imani hii naipinga yote, sibakizi hata robo. Hesabu inaikataa, na imani yenyewe inawadhulumu wachezaji ambao hawana nafasi ya kujitetea mbele yetu.

Nianze na Arsenal, timu ninayoishabikia, kwa kuwa ndiyo inayotukanwa zaidi kila Aprili. Ukiutaja msimu wa 2023-24 utajibiwa haraka kwamba walilegea mwishoni, na ushahidi utakaoletwa ni kipigo cha 2-0 kutoka kwa Aston Villa, Aprili 14. Haya, tuitazame rekodi. Kuanzia Januari 20 hadi siku ya mwisho Arsenal walicheza mechi 18 za ligi. Walishinda 16, wakatoka sare moja, wakapoteza hiyo moja. Pointi 49 kati ya 54. Kabla ya hapo, katika mechi 20, walikuwa wamevuna 40 tu. Mwenye macho aniambie kulegea kulikuwa upande gani.

Sasa turudi Agosti 26, 2023, uwanja wa Emirates. Fulham wanafunga dakika ya kwanza baada ya Saka kukosea pasi. Arsenal wanahangaika hadi dakika ya 70, Saka huyohuyo anasawazisha kwa penalti, na dakika mbili baadaye Nketiah anaongeza la pili. Dakika ya 83 beki wa Fulham, Calvin Bassey, anatolewa kwa kadi nyekundu. Kazi iliyobaki ni kulinda bao moja kwa dakika chache mbele ya timu pungufu. Dakika ya 87 João Palhinha anasawazisha. Mbili mbili.

Msimu ulipoisha Manchester City walikuwa na pointi 91, Arsenal 89. Tofauti ya mabao ilikuwa 62 kwa kila mmoja. Lile bao la Palhinha lisingeingia, Arsenal wangefika 91 na tofauti ya 63, na kombe lingekwenda London kaskazini. Ni wangapi kati yetu tuliokosa usingizi usiku ule wa Agosti? Ilikuwa mechi ya tatu. Tulisema ligi bado mbichi, tukaenda zetu.

“Ligi bado mbichi” ndiyo kauli inayonikera kuliko zote katika soka. Pointi ya Agosti haichachi wala haipungui ikifika Mei. Inakaa palepale kwenye msimamo, ikisubiri.

Najua nitakachojibiwa. Nitatajiwa bao la Agüero. Mei 13, 2012, dakika za nyongeza, City 3, QPR 2, na wachezaji wa Manchester United wamesimama uwanjani kwa Sunderland, wameshinda mechi yao na wamepoteza kombe. Tena nitakumbushwa kwamba United walikuwa mbele kwa pointi nane zikiwa zimebaki mechi sita. Wakafungwa na Wigan. Wakawa wanaongoza 4-2 dhidi ya Everton nyumbani na wakarudishiwa yote. Kisha wakafungwa 1-0 na City wenyewe. Kama kuna msimu ulioamuliwa na machipuko, wanasema, ni huo.

Msimu huo ndio ninaoutaka mimi.

Bao la Agüero liliifikisha City pointi 89. United nao walikuwa na 89. Kila mmoja alishinda mechi 28, akatoka sare tano, akapoteza tano. Kombe lilitolewa kwa tofauti ya mabao, 64 kwa 56, na mabao hayo yana tarehe: Oktoba 23, 2011, Old Trafford, United 1, City 6. Jonny Evans wa United alitolewa mapema kipindi cha pili City wakiwa mbele kwa bao moja. Hadi dakika ya 88 ubao ulisoma 3-1. Mechi ilikuwa imekwisha, na United, wakiwa kumi, wangeweza kurudi nyuma wote, wakameza kipigo chao na kwenda nyumbani. Badala yake waliendelea kupanda kutafuta heshima, wakiacha uwanja mzima wazi nyuma yao. Džeko akafunga. Silva akafunga. Džeko tena. Dakika chache za mwezi wa Oktoba, mabao matatu.

Chukua kalamu ufanye hesabu hii. Badili 6-1 iwe 1-0, City wabaki na ushindi wao na pointi zao zote. Mwisho wa msimu City wangekuwa wamefunga mabao 88 na kufungwa 28. United wangekuwa wamefunga 88 na kufungwa 28. Pointi 89 kwa 89. Kusingekuwa na kitu cha kuwatenganisha, na kwa kanuni za wakati ule wangelazimika kucheza mechi ya kuamua bingwa katika uwanja wa watu wengine. Agüero angevua jezi, akapigiwa makelele yale yote, na bado City wasingekuwa mabingwa siku ile.

Bao lake naliheshimu. Ninachokataa ni kumpa yeye pekee sifa ambayo Džeko aliifanyia kazi miezi saba kabla, mechi ikiwa imeshaamuliwa na watu wakitoka uwanjani.

Sasa niwape wapinzani haki yao. Presha ipo. Miguu huchoka, mechi za Ulaya hubana ratiba, na timu inayopigania kutoshuka daraja huwa ngumu kuliko ilivyokuwa Oktoba. Msimu wa 2022-23 Arsenal walitoka sare na Liverpool, West Ham na Southampton ndani ya Aprili, halafu wakapigwa 4-1 na City. Siwezi kuyafuta hayo. Lakini William Saliba aliumia mgongo mwezi Machi na hakucheza tena msimu ule, na beki ikapwaya bila yeye. Mgongo unahusiana vipi na moyo? Na Februari, kabla hata ya machipuko, walikuwa wamefungwa na Everton, wakatoka sare na Brentford, wakafungwa na City nyumbani. Pointi hizo nazo ziliondoka. Hakuna aliyewaita waoga mwezi ule.

Tunadanganyika kwa sababu ya hesabu zenyewe. Agosti, sare moja ina mechi 35 za kufidia mbele yake, kwa hiyo haiumi. Mwishoni mwa Aprili hakuna tena cha kufidia, na sare ileile inauma palepale. Uchungu ni tofauti, pointi ni zilezile mbili zilizopotea. Watangazaji nao wanatuongezea kwa kuziita mechi za kila wikendi “fainali”, na mikeka ya kubeti inatufanya tuamini kwamba kila kitu kinaanza Jumamosi hii.

Mtu aliyeumizwa kuliko wote na imani hii ni Steven Gerrard. Aprili 27, 2014, Anfield, aliteleza akipokea pasi, Demba Ba akaondoka na mpira na kuifungia Chelsea. Mechi iliisha 2-0. Tangu siku hiyo mashabiki wa timu nyingine wamemwimbia kuteleza kwake viwanjani, na hata huku kwetu mtoto ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule anaweza kukuonyesha kipande cha video. Inasemwa kwamba Gerrard aliwapotezea Liverpool ubingwa.

Basi tuseme hakuteleza, na mechi ikaisha suluhu. Liverpool wangepata pointi moja, wakamaliza na 85. City walimaliza na 86. Msimu ule Liverpool waliruhusu mabao 50, City 37. Septemba Liverpool walifungwa nyumbani na Southampton. Desemba mosi walikwenda Hull wakachapwa 3-1. Wangeshinda hata mmoja tu kati ya michezo hiyo miwili, wangefika 87 pamoja na kuteleza kwa Gerrard. Nani anaimba kuhusu Hull? Nahodha aliyeichezea Liverpool tangu utoto alibebeshwa peke yake makosa ya timu nzima ya miezi tisa, kwa sababu tu kosa lake lilitokea Aprili na kamera zilikuwa karibu.

Na kama bado kuna anayesema bingwa hujulikana kwa anavyocheza mwishoni, awaangalie Liverpool wa 2024-25. Walifungwa na Nottingham Forest katikati ya Septemba, kisha wakacheza mechi 26 za ligi bila kupoteza, hadi walipofungwa na Fulham Aprili 6. Aprili 27 waliipiga Tottenham 5-1, ubingwa ukawa wao huku mechi nne zikiwa zimebaki. Katika hizo nne walifungwa na Chelsea, wakatoka sare na Arsenal, wakafungwa na Brighton, wakatoka sare na Crystal Palace. Pointi mbili kati ya 12. Waliweza kulegea kwa sababu kazi ilifanyika kati ya Septemba na Machi, na kombe walilinyanyua wakiwa pointi kumi juu ya Arsenal.