Gitaa la Marehemu Baba na Kopo la Polishi

Ukurasa wa wiki hii tumeutenga kwa swali moja. Limetujia kutoka kwa mama mmoja mkaazi wa Buruburu, ambaye babake, mzaliwa wa Mombasa, aliishi Pumwani miaka mingi na akaacha gitaa la mbao. Warithi walikubaliana kwamba likae kwa binti huyu. Mwezi ujao ndugu wote watakusanyika nyumbani kwake kwa harusi ya mjukuu, naye angependa walione likiwa na mng'ao wake wa zamani. Amekwisha kununua kopo la polishi ya kupuliza, ile itumikayo kwa meza na kabati, lakini kabla ya kulifungua ameona bora atuulize.

Wako wasomaji watakaojiuliza gitaa lina nafasi gani katika ukurasa wa malezi na nyumba. Hukumu ya ala za muziki ina wanazuoni wake, nasi hatutawaingilia. Tunalolizungumza hapa ni amana: mali ya marehemu iliyowekwa mikononi mwa mmoja wa warithi, na ambayo wenziwe wanatarajia kuikuta kama walivyoiacha. Aidha, gitaa si kitu kigeni katika mitaa yetu ya Eastlands. Wapwani waliohamia Nairobi kutafuta kazi walikuja nalo, na Fundi Konde, mpwani mwenzetu, alisifika kwa gitaa lake na nyimbo zake za Kiswahili tangu kabla ya uhuru. Basi si ajabu kwamba katika nyumba kadhaa za Pumwani, Kaloleni na Makadara lingali liko gitaa juu ya kabati, limefunikwa leso, na hakuna ajuaye namna ya kulitunza.

Jawabu letu kwa mama huyu ni kwamba kopo hilo asilitumie kwa gitaa. Ili aelewe sababu, hana budi kwanza kujua ile ngozi nyembamba ing'aayo juu ya mbao imetengenezwa na nini.

Magitaa ya zamani hupakwa kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni vanishi ya spiriti, ambayo asili yake ni utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, na ambayo huyeyushwa kwa alkoholi. Cha pili ni laka ya nitroselulosi, iliyoenea viwandani kuanzia miaka ya 1920 kwa kupaka magari, samani na ala za muziki, kwa kuwa hukauka upesi. Magitaa mengi ya kisasa hupakwa kitu cha tatu, aina ya plastiki ngumu na nene kama kioo, ambayo huvumilia mengi. Lakini gitaa la mzee wa miaka hiyo huenda likawa na laka, na asiyejua kwa hakika na alichukulie kuwa ndivyo, kwani anayelitunza gitaa gumu kwa uangalifu mwingi hapati hasara yoyote.

Laka hiyo kina mama wanaijua vizuri kuliko wanavyodhani. Nitroselulosi ndiyo kiini cha rangi ya kucha. Kile kiondoacho rangi ya kucha, yaani asetoni, ndicho kiondoacho laka kwenye gitaa, na thina ya mafundi wa samani wa Gikomba hufanya kazi hiyo hiyo. Hiki basi ndicho kipimo chepesi cha kukumbuka: chochote ambacho ungekiogopea kucha zilizopakwa, kiogopee gitaa pia. Marashi yenye spiriti, dawa ya kusafishia mikono, dawa ya kupaka mwilini ya kufukuzia mbu, vyote hivi vyaweza kulainisha laka au kuiachia doa lisilotoka. Mgeni aliyejipulizia marashi mkononi akalishika gitaa papo hapo aweza kuacha alama ya vidole vyake kwa miaka.

Sasa tulitazame lile kopo. Polishi nyingi za kupuliza zina silikoni. Silikoni haiyeyushi laka. Siku ya kwanza itang'aa vizuri na kila mtu atapendezwa. Madhara yake huja baadaye. Laka ikizeeka hukauka, husinyaa na kupasuka mipasuko midogo kama nywele. Silikoni hupenya katika mipasuko hiyo hadi kwenye mbao na haitoki kwa urahisi. Siku fundi atakapotaka kulitengeneza gitaa, laka mpya itakataa kushika na itafanya vishimo vishimo. Vumbi laweza kupanguswa leo, kesho au mwaka ujao, lakini silikoni ikishaingia, kuitoa ni kazi ngumu hata kwa fundi. Kwa mwenye kushika amana, hiyo ni tofauti kubwa.

Ziko pia dawa za nyumbani zinazosifiwa sana, nasi hatuzipendekezi. Mafuta ya nazi hung'arisha kwa siku chache, kisha hunata, huvunda na kukusanya vumbi, na vumbi la Eastlands halihitaji msaada. Ndimu, siki na dawa ya meno hukwaruza laka au kuifubaza. Polishi ya viatu hujaza mipasuko rangi nyeusi. Mafuta ya taa na petroli tunayakataza kwa sababu iliyo nzito kuliko gitaa: kikombe cha mafuta ya taa kilichoachwa sakafuni ili kulowesha kitambaa chaweza kunywewa na mtoto, na yakimwingia mapafuni yaweza kumuua. Laka yenyewe nayo hushika moto upesi, kwa hiyo gitaa lisiwekwe karibu na jiko wala mahali pa kuwasha mishumaa umeme unapokatika.

Kilicho salama ni kitambaa laini cha pamba, kama fulana kuukuu iliyofuliwa bila kutiwa dawa ya kulainisha nguo, isiyo na vifungo wala mshono mgumu. Kwanza pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu bila kukandamiza, maana vumbi lina mchanga, na mchanga hukwaruza. Palipobaki uchafu wa mikono, hohea pumzi ya mdomo juu yake kama afanyavyo mwenye miwani, kisha pangusa. Ikishindikana, lowesha ncha ya kitambaa kwa maji safi, ikamue hadi isidondoke hata tone, pitisha mara moja, na ukaushe papo hapo kwa kitambaa kingine. Mahali penye mipasuko maji yasipite kabisa. Magitaa mengi hayahitaji zaidi ya hayo.

Atakaye mng'ao zaidi na aende kwenye maduka ya ala za muziki katikati ya jiji, aombe polishi ya gitaa ambayo maandishi yake yasema waziwazi kwamba haina silikoni, na kwamba yafaa kwa laka ya nitroselulosi. Masharti yote mawili yawepo. Polishi yenye moja tu irudishwe rafuni. Ajaribu kwanza nyuma ya gitaa, mahali padogo pasipoonekana, na angoje hadi siku ya pili. Atie kidogo kwenye kitambaa, kamwe si juu ya gitaa, na asiipake palipopasuka. Mara moja kwa mwaka yatosha. Ule ubao wa shingo ambao vidole huchezea, kwa kawaida hauna laka. Huo upanguswe tu kwa kitambaa kikavu nyuzi zikiwa zimelegezwa.

Pana hali mbili ambazo polishi yoyote haitazitibu, na ni vyema mama wetu azitambue kabla ya kujichosha. Kwanza ni kunata. Mahali ambapo mkono wa mchezaji ulilala kwa miaka, jasho hulainisha laka yenyewe. Huo si uchafu, na kusugua kutazidi kuiondoa. Pili ni ile mipasuko. Gitaa lililozoea hewa ya bahari, likaletwa Nairobi penye mwinuko wa takribani mita 1,700, hukutana na hewa kavu zaidi, hasa miezi ya Januari na Februari. Mbao husinyaa, na laka iliyozeeka haiwezi kuzifuata. Tiba hapa ni mahali pa kuliwekea: hewa yenye unyevu wa kadiri, asilimia 45 hadi 55, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Tumewaona jirani zetu wakianika magitaa kwenye roshani pamoja na magodoro. Godoro hufaidika na jua, gitaa hupasuka. Na mwenye kulisafirisha kwa basi la usiku kutoka Mombasa katika baridi ya Julai, aliache ndani ya mfuko wake saa kadhaa baada ya kufika, lizoee hewa polepole.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba laka huumizwa na mpira na baadhi ya plastiki hata bila kusuguliwa. Wengine hulining'iniza gitaa ukutani kwa msumari uliofungwa kipande cha malapa makuukuu, au hulilaza juu ya kitambaa cha meza cha plastiki. Baada ya miezi laka hulainika pale pale na kushikana nacho. Leso ya pamba iliyokunjwa yatosha kuwa mto wake, na twafurahi kwamba katika nyumba nyingi ndiyo itumiwayo.

Limebaki neno la mwisho kwa mama wetu wa Buruburu. Kati ya sasa na harusi huenda akatokea mjuzi akamshauri gitaa lipigwe msasa na kupakwa upya, ling'ae kama jipya. Asikubali peke yake. Laka ya asili ni sehemu ya thamani ya gitaa la zamani, na ikishakwanguliwa thamani hiyo hushuka. Tena pale ilipochakaa, chini ya mkono wa kulia na nyuma ya shingo, ndipo alipolishika marehemu. Pengine kuna ndugu anayekuja harusini kutazama mahali hapo. Lolote lisiloweza kurudishwa lingoje wakutane wote, walizungumze, na wakubaliane kama walivyokubaliana mwanzo.

Na lile kopo alilonunua lisitupwe, kwani ni pesa. Laweza kutumika kwa meza ya kulia. Ila alipulizie juu ya kitambaa, na gitaa liwe katika chumba kingine, mlango umefungwa, maana dawa ya kupuliza huenda na upepo.

Wassalaam.